Akaunti Isiyokatwa Kodi: Jibu kwa Msikilizaji wa Chokocho

(Haya ni mazungumzo yetu ya kila wiki kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Wiki hii nimepokea barua kutoka Chokocho, wilaya ya Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba. Aliyeiandika ni mkulima mwenye shamba dogo la karafuu aliloachiwa na marehemu baba yake. Anasema amekwisha kuuza karafuu zake kwa Shirika la ZSTC, amewalipa wachumaji, amelipa deni la dukani, na mkononi amebakiwa na shilingi milioni 3. Anaongeza maneno ambayo nadhani yatamgusa kila mtu anayeishi kwa zao la msimu: "Kila mwaka fedha hizi huingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha. Mwaka huu sitaki."

Kilichomfanya aandike ni simu aliyopigiwa na kaka yake aishiye London. Kaka huyo amemweleza kwamba kule Uingereza kuna akaunti ambayo mtu huweka fedha zake, akanunua hisa za makampuni na vipande vya mifuko ya uwekezaji, na faida yote inayopatikana humo Serikali haiigusi hata senti moja. Kisha akamwambia: "Nitumie hizo milioni 3 nikuwekee kwenye yangu, zizae bila ya kukatwa kodi."

Maswali ya ndugu yetu ni mawili. Kwanza, je, hapa kwetu akaunti ya namna hiyo ipo? Pili, je, ampelekee kaka yake fedha hizo?

Nitajibu kwanza kwa ufupi, halafu nieleze. Akaunti yenye jina hilo hapa kwetu haipo, lakini unafuu wenyewe wa kodi kwa sehemu kubwa upo, na mtu wa Chokocho anaweza kuupata bila ya kuvuka bahari. Ama fedha, asipeleke. Si kwamba namtilia shaka kaka yake. Ni kwamba sheria ya akaunti ile haimtambui yeye.

Tuanze na hiyo akaunti ya Uingereza. Jina lake kwa kifupi ni ISA, yaani akaunti ya akiba ya mtu mmoja mmoja. Ilianza tarehe 6 Aprili 1999, ikachukua nafasi ya mipango mingine iliyokuwapo kabla yake. Mtu anaweza kuitumia kuweka fedha taslimu kama katika benki, au kuitumia kununua hisa na vipande vya mifuko. Kila mwaka wa kodi kuna kikomo cha fedha anazoruhusiwa kuingiza, na tangu Aprili 2017 kikomo hicho kwa jumla ni pauni 20,000. Nje ya akaunti hiyo, Mwingereza anayepata gawio la hisa au anayeuza hisa kwa faida anaweza kutakiwa alipe kodi. Ndani yake hatozwi.

Kwa mfano wa nyumbani, ISA ni kapu. Unachonunua sokoni kitakatwa kodi ukikibeba mkononi, na kikitiwa ndani ya kapu hakikatwi. Kwa hiyo kule watu hushughulika sana na kapu.

Sasa kapu hilo lina masharti. Anayelifungua lazima awe mkaazi wa Uingereza. Na kila kapu ni la mtu mmoja tu. Hawaruhusiwi wawili kulimiliki pamoja, wala mtu hawezi kulishika kwa niaba ya mwenziwe. Maana yake, ndugu yangu wa Chokocho, ni kwamba siku milioni 3 zako zitakapoingia katika akaunti ya kaka yako, mbele ya sheria ya kule zimekuwa mali yake. Jina lako halimo popote. Kaka akidaiwa, wadai wake wanaweza kuziangalia kama mali yake. Akifarikiana na mkewe, zitahesabiwa kuwa zake. Na Mungu apishe mbali, akifariki dunia, zitaingia katika mirathi yake, na wewe utakuwa umekaa Chokocho na ushahidi wa mazungumzo ya simu. Ndugu wengi wanaopendana wameingia katika ugomvi usiokwisha kwa sababu ya fedha iliyowekwa kwa nia njema katika jina la mwingine. Usimweke kaka yako katika mtihani huo.

Tuje sasa nyumbani. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Sheria inayotumika ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, na inayoikusanya, Unguja na Pemba pamoja na Bara, ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Sheria hiyo haikuweka kapu. Badala yake imetazama bidhaa moja moja, na kusema hii itakatwa kiasi fulani, hii kiasi kidogo zaidi, na hii haikatwi. Kwa hiyo mtu wa hapa haulizi "nifungue akaunti gani?" Anauliza "ninunue kitu gani, na kitu hicho kinakatwa nini?"

Mtu aliyeweka akiba yake benki akapata riba, riba hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kodi ya zuio ni ile inayokatwa na mlipaji kabla fedha hazijakufikia, kama vile mwajiri anavyokata mshahara. Mwenye hisa za kampuni ambayo haijaandikishwa katika soko la hisa hukatwa asilimia 10 ya gawio lake. Mwenye hisa za kampuni iliyoandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa asilimia 5 tu, na akishakatwa hiyo amemaliza. Na mwananchi mkaazi mwenye hisa chache za kampuni iliyoandikishwa, akiziuza kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia, ile faida ya mauzo haitozwi kodi. 

Hati fungani za Serikali za muda mrefu, zile zisizopungua miaka 3, riba yake imesamehewa kodi. Vivyo hivyo mapato ambayo mwananchi huyapata kutokana na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja iliyoidhinishwa, kama ile ya UTT AMIS, yamesamehewa. Hapa ndipo mahali panapokaribia sana akaunti ya kaka yako. Tofauti ni kwamba msamaha umekaa ndani ya kipande chenyewe, na huhitaji kukitia katika kapu lolote.

Tahadhari moja tu: viwango vya kodi hubadilishwa kwa Sheria ya Fedha, ambayo Bunge huipitisha kila mwaka na kuanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, uliza kiwango cha mwaka huo.

Nimetaja hisa na vipande. Huenda wapo wasikilizaji ambao maneno haya bado ni mageni kwao, kwa hiyo tuyafafanue.

Chukua mfano wa dau. Watu kumi wamechanga sawasawa wakanunua dau la kubebea mizigo. Kila mmoja ana hisa moja katika kumi. Dau likifanya safari njema, baada ya gharama zote kutolewa, kilichobaki hugawiwa, na hilo ndilo gawio. Wakiamua mwaka huu wasigawane, wanunue tanga jipya, hakuna gawio lakini dau limeongezeka thamani. Mmoja akitaka kutoka, anamtafuta wa kumuuzia sehemu yake, na bei watakayopatana inaweza kuwa juu au chini ya aliyotoa mwanzo. Na dau likizama, kila mmoja amepoteza sehemu yake. Hisa ya benki au ya kiwanda cha saruji ni hivyo hivyo, isipokuwa dau ni kubwa na wenye hisa ni maelfu.

Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE kwa kifupi, ndilo baraza la kuuziana sehemu hizo. Lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuandikishwa ilikuwa ya gesi ya oksijeni, TOL. Msimamizi wa shughuli zote hizi ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Ama kipande cha mfuko, mfano wake ni huu. Badala ya kutia fedha zako zote katika dau moja, mnachanga watu wengi, mnamwajiri nahodha mzoefu, naye ananunua sehemu kidogo katika madau mengi na anakopesha nyingine kwa Serikali kwa njia ya hati fungani. Wewe unamiliki vipande vya mkusanyiko huo. Dau moja likizama, mengine yanaelea. Thamani ya kipande hukokotolewa kila siku ya kazi: mali yote ya mfuko, kutoa madeni na gharama, kugawa kwa idadi ya vipande. Ukitaka fedha yako, huhitaji kumtafuta mnunuzi, kwa sababu mfuko wenyewe hununua vipande vyako kwa thamani ya siku hiyo.

Mfuko wa kwanza wa namna hii nchini kwetu ni Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005, nao unachanganya hisa na hati fungani. Baadaye ikafuata mingine, ukiwemo Mfuko wa Watoto mwaka 2008, Mfuko wa Ukwasi mwaka 2013 na Mfuko wa Hatifungani mwaka 2019, yote ikisimamiwa na UTT AMIS, ambayo ni taasisi ya Serikali. Viwango vya kuanzia vimewekwa chini ili mtu wa kawaida aweze. Mfuko wa Umoja unaanza na vipande 10. Wa Watoto unaanza na shilingi 10,000. Wa Hatifungani 50,000 kwa asiyehitaji kulipwa mapato ya mara kwa mara. Wa Ukwasi 100,000, na nyongeza isiyopungua 10,000. Siku hizi yapo pia makampuni binafsi yenye mifuko yao, chini ya leseni ya CMSA.

Sasa najua swali litakaloulizwa Chokocho, na Chake Chake, na Wete, kabla sijamaliza kusema: na riba je? Hati fungani ya Serikali ya kawaida hulipa riba, na mfuko wenye hati hizo ndani yake umechanganya. Hisa za benki ya kawaida nazo zinatokana na biashara ya riba. Mwenye kujiepusha nayo asidhani kuwa mlango umefungwa. Katika soko zipo hisa za makampuni ya viwanda na huduma. Zipo pia hati za Sukuk, ambazo mapato yake hutokana na mali au biashara na si mkopo wa riba. Benki ya KCB Tanzania ilitoa Sukuk yake iitwayo Fursa mwaka 2022, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua Sukuk yake mwaka 2025. Mwenye dukuduku achukue waraka wa mauzo wa kitu anachotaka kununua, ampelekee sheikh anayemwamini na anayeelewa mambo ya biashara, amuulize kabla ya kulipa. Kumuuliza baada ya kulipa ni kujitafutia kukosa usingizi. Na mwenye hisa asisahau kuulizia zaka yake, maana hiyo haikatwi na TRA wala haisamehewi na Bunge.

Hapa nataka tusimame kidogo tufanye hesabu, kwa sababu nadhani neno "kodi" limemtia ndugu yetu wasiwasi kuliko linavyostahili.

Tuseme amenunua hisa za shilingi milioni 1 katika soko, na mwaka huo kampuni ikatoa gawio ambalo kwa hisa zake ni shilingi 60,000. Kodi ya asilimia 5 ni shilingi 3,000. Atapokea 57,000. Hiyo ndiyo kodi anayotaka kuikimbilia London. Kutuma fedha London kuna ada. Kubadilisha shilingi kuwa pauni kuna hasara ya bei, na kuzirudisha kuwa shilingi kuna hasara nyingine. Ni wazi kwamba atapoteza zaidi ya shilingi 3,000 kabla hata hisa haijanunuliwa.

Hatari kubwa kwake iko kwingine kabisa. Ni kununua kitu asichokijua, kwa fedha atakayoihitaji baada ya miezi 4, kisha kulazimika kuuza siku bei ikiwa chini. Msamaha wa kodi humsaidia mtu aliyepata faida; aliyepata hasara hauna cha kumsamehe.

Mifano ya soko letu inatosha kutufundisha. Mwaka 2008 Serikali iliuza kwa wananchi sehemu ya hisa zake katika benki ya NMB kwa shilingi 600 kila moja. Aliyenunua hisa 1,000 alitoa shilingi 600,000. Miaka michache baadaye bei ilipita shilingi 2,000. Aliyengoja alifurahi.

Mwaka uliofuata, 2009, hisa za benki ya CRDB ziliuzwa kwa shilingi 150. Bei ikapanda hadi ikapita 300. Kisha ikaanza kushuka, na mwanzoni mwa mwaka 2020 ilikuwa chini ya 100, yaani chini ya bei ya siku ya kwanza, miaka zaidi ya 10 baadaye. Wapo waliouza wakati huo kwa kukata tamaa, na wapo waliouza kwa sababu walikuwa na mgonjwa au ada ya shule na hawakuwa na fedha nyingine. Mwaka 2024 bei ya hisa hiyo hiyo ilipita 500. Hisa ilikuwa moja, benki ilikuwa moja. Kilichowatofautisha wenye hisa ni kwamba baadhi yao waliweza kungoja na wengine hawakuweza. Wala simwambii mtu anunue CRDB au NMB. Nasema bei hupanda na kushuka, na kuna hisa nyingine zilizoshuka na hazijapanda tena.

Wakulima wa karafuu hawahitaji kufundishwa kungoja. Mkarafuu ukipandwa leo hauzai kesho. Mtu hungoja miaka 6 au 8 ndipo apate cha kuchuma, na hata hapo mwaka mmoja hubeba sana na mwingine haubebi. Hakuna mkulima mwenye akili anayepanda mche kwa fedha ya chakula cha mwezi ujao. Basi hisa zitazamwe kwa jicho hilo hilo.

Nije kwenye hatua za kuanza.

Hatua ya kwanza ni kutenga. Kabla ya kununua chochote, ndugu yetu atoe katika milioni 3 fedha ya chakula na ada ya watoto hadi msimu ujao, na akumbuke kwamba msimu ujao karafuu zinaweza kuwa haba. Aongeze kidogo kwa ajili ya maradhi. Hizo zikae mahali pa kuchukulika haraka, kama akaunti yake ya benki. Tuseme zimefika milioni 2. Basi fedha ya kuwekeza ni milioni 1. Asione haya kwamba ni kidogo. Milioni 1 isiyoguswa ni bora kuliko milioni 3 itakayouzwa kwa hasara mwezi wa Ramadhani.

Hatua ya pili ni vielelezo. Atahitaji kitambulisho cha Taifa cha NIDA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na akaunti ya benki kwa jina lake ili malipo yarudi huko. Nasisitiza jina lake. Majina yafanane katika vyote vitatu, herufi kwa herufi. Aliyeandikwa Khamis kwenye kitambulisho na Hamisi benki, ajiandae kusumbuka siku ya kulipwa.

Hatua ya tatu inategemea alichochagua. Kwa vipande vya mfuko, hujaza fomu ya kufungua akaunti ya mwekezaji, hutaja mfuko anaoutaka, na hulipa kwa benki au kwa simu. Kwa hisa, huenda kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya CMSA, naye humfungulia akaunti ya kuhifadhia hisa, iitwayo akaunti ya CDS. Siku hizi hisa hazina cheti cha kutia sandukuni. Zimeandikwa katika daftari la kielektroniki kwa jina la mwenyewe. Akaunti ikifunguliwa, humwagiza dalali: nunulie hisa kadhaa za kampuni fulani, kwa bei isiyozidi hii. DSE nayo ina mfumo wa simu uitwao Hisa Kiganjani, hivyo aliyeko Pemba halazimiki kupanda boti kwenda Dar es Salaam.

Gharama za dalali na za soko kwa mnunuzi mdogo huwa ni shilingi 2 na ushei kwa kila 100, wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza. Kwa hiyo anayenunua leo na kuuza wiki ijayo anamtajirisha dalali. Kwa upande wa mifuko, baadhi hukata ada ndogo unapotoka na mingine haikati. Uliza kabla.

Hatua ya nne ni kuendelea. Usisubiri karafuu tu. Mfuko unaopokea nyongeza ya shilingi 10,000 unampa nafasi hata muuza samaki na mama mkulima wa mwani kuongeza kila mwezi. Ukinunua kidogo kidogo, bei ikiwa juu unapata vipande vichache, ikiwa chini unapata vingi, na huhitaji kuwa mtabiri.

Hatua ya tano watu wengi huiruka: mwambie mwenzio. Andika mahali pamoja jina la mfuko, namba ya akaunti, jina la dalali, na mkeo au mtoto mkubwa ajue karatasi ilipo. Zipo familia zinazopita mbele ya mali ya marehemu bila ya kujua kuwa ni yao. Mtu akifariki, hisa na vipande huingia katika mirathi kama shamba na nyumba, na kwa Waislamu wa Zanzibar ofisi ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inalijua jambo hilo. Lakini hawawezi kugawa wasichoambiwa kuwa kipo.

Kabla sijafunga, neno moja kuhusu walaghai, kwa sababu msimu wa karafuu ni msimu wao pia. Mwaka 2009 Serikali ililazimika kuusimamisha mpango wa DECI huko Bara, ambao uliwaambia watu wapande mbegu ya fedha wavune maradufu. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na waliofuata walibaki na machozi. Majina hubadilika lakini alama zake ni zile zile: faida kubwa ya uhakika, haraka, na kuombwa ulete wenzako. Mfuko wa kweli hauahidi faida. Dalali wa kweli hakuambii ulipe katika simu yake binafsi. Fedha huingia katika akaunti ya mfuko au ya kampuni yake, na wewe hupewa stakabadhi na taarifa ya akaunti. Na wote wawili wana leseni ambayo CMSA itakuthibitishia ukiuliza. Ukiambiwa "hii haikatwi kodi", usikae hapo ukafurahi. Uliza swali la pili: imeidhinishwa na nani?

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Chokocho, mpigie simu kaka yako. Mshukuru kwa kukuwazia. Mwambie aendelee na ISA yake, kwani kwake yeye aliye mkaazi wa kule ni jambo la maana. Akitaka kukusaidia, mwombe akuongezee katika akaunti yako wewe, iliyo kwa jina lako, hapa hapa nyumbani. Kisha siku ukienda Mkoani au Chake Chake kwa shughuli zako, chukua kitambulisho chako mfukoni, ufungue hicho kidogo unachokiweza. Mwakani karafuu zikiingia, utakuwa na mahali pa kuzipeleka kabla hazijaliona dirisha.

Kwa leo tuishie hapa. Tukijaaliwa tuonane wiki ijayo, wakati kama huu. Kwaherini.